Mnyama Asiyetisha

Mume wangu Bartholomew alikuwa mchongaji pale Wamunyu tangu nilipomjua, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kichwa cha mnyama wa sinema. Nimeona niandike jinsi kichwa hicho kilivyokaribia kutupwa, maana watu wameanza kuyasimulia mambo haya kila mmoja kwa njia yake, na mimi mwenyewe najua nitakuja kusahau.

Sinema inaitwa Zizi la Kioo. Aliyeiongoza ni msichana anayeitwa Mwihaki, mtu wa Yatta. Ni hadithi ya kutisha. Wanasayansi wanajenga maabara karibu na bwawa la Masinga, wanachanganya jeni za mbuzi na za ngamia na kidogo za binadamu, ili wapate mnyama anayeweza kukaa mwaka mzima bila maji. Wanampata. Anakua kupita kiasi, anavunja zizi, anaanza kuingia katika maboma ya watu, na mwisho anapigwa risasi kando ya bwawa.

Mwihaki alipokuja kuagiza kichwa, alitaka meno marefu na macho mekundu. Baba Nzisa, ndivyo nilivyozoea kumwita mume wangu, alimsikiliza akauliza maswali mengi kuhusu huyo mnyama, kisha akachonga alivyoona yeye. Mwili ulishonwa Nairobi kwa manyoya ya bandia. Kichwa alikitoa kwenye gogo la muvuti, mti mwepesi, kwa sababu kuna mtu angekivaa. Meno aliyaweka, tena marefu. Lakini macho aliyafanya ya mpingo, meusi na makubwa, na mimi ndiye niliyeyapiga msasa, kama nilivyopiga msasa kila alichochonga tangu tuoane. Aliniambia nisiache kusugua mpaka nione dirisha ndani yake. Nikasugua mpaka nikaliona dirisha, na mimi nimesimama kando yake na kitambaa mkononi.

Kifua kilimchukua kabla sinema haijakamilika. Tulimzika upande wa chini wa shamba, karibu na mstari wa makonge.

Sinema ilipoanza kuonyeshwa Nairobi, binti yetu Nzisa alikuwa akitafuta kwenye simu yale watu waliyoandika, ananisomea tukichambua ndengu. Siku za kwanza alisoma kwa sauti. Gazeti moja lilisifu picha za bwawa, likasema mwongozaji ana jicho zuri, halafu likasema mnyama ndiye aliyeiangusha kazi nzima. Kijana mmoja mwenye kipindi chake mtandaoni alisema wanasayansi wametumia mamilioni kutengeneza mnyama mwenye sura ya mtu aliyekuja kuuliza habari za nyumbani. Hilo lilipendwa sana. Watu wakaanza kutumiana picha ya kile kichwa na maneno chini yake: Hodi, mama yuko?

Kwenye redio ya Kikamba kulikuwa na vita vingine. Mmoja alipiga simu kusema sinema imelipiwa na watu wasiotaka tupande mbegu mpya za maabara. Aliyemfuata akasema imelipiwa na hao hao wanaouza mbegu. Mhubiri mmoja akasema binadamu akianza kuumba, Mungu huondoka. Hao hawakuniumiza. Walikuwa wakizungumza juu ya jeni. Wale wengine walikuwa wakizungumza juu ya mkono wa mume wangu.

Baadaye Nzisa akaanza kusema leo hakuna kilichoandikwa. Nilijua kipo, kwa jinsi alivyolaza simu kifudifudi mezani.

Kisha Mwihaki mwenyewe akaja. Alileta mkate na sukari kama anayekuja kwenye matanga, ingawa matanga yalikuwa yamekwisha kitambo. Alikaa, akauliza habari za mifugo na za mvua, na mimi nikaona kuna neno linamkwama. Mwisho akalitoa. Kulikuwa na kampuni iliyotaka kuinunua sinema iipeleke nchi nyingine, lakini sharti lao lilikuwa moja: mnyama abadilishwe. Wangemtengeneza upya kwa kompyuta, kuanzia shingo kwenda juu. Kile kichwa kisingeonekana mahali popote. Alisema hayo akiiangalia chai yake.

Nikasema ni sawa. Nzisa alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini ningesema nini? Pesa zilikuwa zake, na sinema ilikuwa yake. Nilichowaza ni kwamba mume wangu ataondolewa duniani mara ya pili, na safari hii bila hata kaburi.

Ndipo nikakumbuka watu wa Masii. Nusu ya walioonekana kwenye ile sinema wakikimbia na kufa walikuwa wa Masii, na walikuwa bado hawajaiona.

"Baba Nzisa aliwaahidi wataitazama," nikamwambia. "Waonyeshe kwanza, na uso huu."

Aliweka kikombe chini. "Mwaitu," akasema, maana amezoea kutuita mama kwa lugha yetu, "nitakuambia ukweli. Wakiogopa, nitaupigania huu uso. Wasipoogopa, sina la kuwaambia hao watu."

"Hiyo ni haki," nikasema.

Jirani yangu Kaluki aliposikia, alinitaka nisiwe na wasiwasi. Yeye angepiga kelele mpaka atolewe nje na wanaume wanne. Nimwonyeshe tu pa kuanzia.

Ilionyeshwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa la pale Masii. Madirisha yalizibwa kwa magunia na mablanketi, na mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mwihaki alikuwa amekileta kile kichwa, akakiweka juu ya meza mlangoni ili watu wakione wakiingia. Nilipopita nikaona mtoto fulani amekitia kishada cha nyasi mdomoni. Hakuna mtoto anayekilisha kitu anachokiogopa. Nilizitoa zile nyasi, kisha nikazirudisha, nikaenda kukaa benchi la nyuma.

Mwanzo ilikuwa kelele tupu. Kila aliyeonekana kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani aliitwa jina lake. Kyalo, kijana aliyeuvaa mwili wa mnyama, aliambiwa kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amependeza. Mtu mwingine alilalamika kwamba alikufa mara mbili mbele ya kamera na hapa ameonyeshwa mara moja. Kaluki naye alitimiza ahadi, ila alipiga yowe wakati mwanasayansi anafungua mlango wa gari, mnyama hajatokea bado. Ukumbi mzima ulicheka mpaka maneno ya sinema yakapotea. Nilimwona Mwihaki, amesimama karibu na projekta, akiangalia chini.

Halafu ikafika ile sehemu yenyewe, ambayo magazeti yote yaliitaja. Mwanamke yuko peke yake nyumbani, anafungua mlango wa nyuma, na mnyama amesimama kando ya tangi. Muziki unapanda. Uso unajaa kitambaa chote.

Sikuitazama sinema. Niliwatazama watu. Hakuna aliyefunika macho. Hakuna aliyeshika mkono wa mwenzake. Nikajua imekwisha.

"Huyo ana kiu," sauti ikasema.

Alikuwa mzee Kilonzo, ambaye ukame uliopita ulimmalizia ng'ombe wote akabaki na kengele zao. Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu anayepita karibu na zizi la jirani.

Kijana aliyekaa mbele yake akageuka. "Mzee, huyo hanywi. Wamemtengeneza asinywe."

"Wamemtengeneza asife," Kilonzo akasema. "Sijaona mahali walipotoa kiu."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kitambaa yule mwanamke alikuwa akirudi nyuma, akipapasa ukuta, mpaka akapata panga. Na hapo mama mmoja kwenye mabenchi ya mbele akamwambia, kama mtu anayemkanya binti yake, aweke panga chini ampe mnyama maji. Mwingine akasema tangi si liko hapo hapo. Maneno yakapita ukumbini benchi kwa benchi, ya kunung'unika tu. Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa kilichomleta. Na hakuna mtu mzima pale ndani ambaye hajawahi kumnyanyua ng'ombe kwa mkia, kukiwa hakuna mvua, na ng'ombe akageuza shingo kumtazama. Yale macho walikuwa wakiyajua. Walikuwa wamewahi kutazamwa nayo.

Kuanzia hapo sinema ilienda upande mmoja na watu upande mwingine. Kila mara mnyama alipoingia kwenye boma, walitafuta kwa macho mtungi uko wapi. Na mwisho, anapokimbilia bwawa huku askari wakimfuata, ukumbi ulinyamaza hata jenereta ikasikika nje. Alipiga magoti ukingoni. Risasi ikalia kabla mdomo haujafika majini.

"Hata hajaonja," Kaluki akasema karibu yangu, na safari hii sauti yake haikuwa ya kuigiza.

Watu walitoka polepole, hawakupiga makofi. Kilonzo alisimama mbele ya Mwihaki, akavua kofia. "Msichana," akasema, "mngemwacha anywe kwanza." Akavaa kofia yake akaenda.

Nilibaki kukunja mablanketi. Nilihesabu kwamba tumeshindwa, kwa sababu makubaliano yalikuwa woga, na woga haukupatikana. Mwihaki akaja akakaa kwenye benchi langu. Aliniuliza kama Baba Nzisa alilijua jambo hilo, la kiu.

Nikamweleza. Siku ile alipoagiza kichwa, mume wangu alimuuliza kama wale wanasayansi wanaondoa kiu au wanaondoa kifo cha kiu. Mwihaki alikumbuka. Alikuwa amecheka, akamwambia ni sinema tu, Mzee asijisumbue. Baba Nzisa hakukasirika. Lakini siku niliyomaliza kuyasugua macho, aliyageuzia mlangoni kwenye mwanga, akaniambia: "Huyu atatamani maji mwaka mzima, na hatakufa. Mtu gani atamuogopa huyu?"

Mwihaki alichukua blanketi moja akaanza kulikunja.

"Mimi niliandika kwamba anafuata damu," akasema mwishowe. "Lakini kila mahali nimemsimamisha karibu na tangi. Sijui kwa nini."

"Basi hata wewe ulijua," nikamwambia.

Alirudi baada ya majuma kadhaa na kamera na watu wachache. Alikuwa ameiandikia kampuni kwamba uso haubadilishwi. Kama hawautaki, waiache sinema. Walikuwa hawajajibu. Akasema kuna kipande kimoja anataka kukiongeza, cha kuja kabla ya bwawa, na anakihitaji kile kichwa alichoniachia siku ile ya Masii.

Kichwa kilikuwa kimepasuka kwenye taya kwa sababu ya joto. Nilihitaji vumbi la mti ule ule kuchanganya na gundi, na vumbi hilo lilikuwa mahali pamoja tu. Sikuwa nimeingia kwenye karakana ya mume wangu tangu mazishi. Nzisa alishika kufuli, mimi nikageuza ufunguo. Chini ya benchi lake vumbi la muvuti lilikuwa bado limelala kama alivyoliacha, jeupe, na alama ya goti lake ndani. Nilichota upande wa pili, alama nikaiacha. Nilijaza ufa, nikapiga msasa, kisha nikachukua kitambaa nikaanza na macho.

Mwigizaji aliyemwigiza yule mwanamke wa panga alikuwa amepata kazi Mombasa. Mwihaki akasema hahitaji uso wake, anahitaji mikono tu, na akaitazama yangu. Basi kipande kile kilipigwa picha uani kwangu. Niliambiwa nitoke jikoni na beseni la maji, niliweke chini, nirudi nyuma. Nisiseme neno. Nisimwangalie mnyama.

Kyalo alikuja akitembea kwa miguu ile mizito ya manyoya, akasimama. Nikaweka beseni. Nilipoinuka nikamwangalia, kwa sababu sikuweza kuacha. Ndani ya jicho la mpingo mlikuwa na anga, na paa la karakana, na mwanamke aliyeinama.

"Kunywa," nikasema.

Nilijua nimeharibu, nikangoja kuambiwa turudie. Lakini kichwa kilishuka taratibu mpaka kwenye beseni, na Mwihaki hakusimamisha kamera. Neno lile amelibakiza. Ukiitazama sasa utalisikia.

Ilipoonyeshwa tena Nairobi ikiwa hivyo, Nzisa alikaa nami kwenye ndengu akaniambia yule kijana wa kipindi ameizungumzia mara ya pili. Nikamwambia asome yote, asiruke. Akasoma. Kijana anasema taa bado ni mbaya, maabara bado inafanana na duka la dawa, na mnyama bado hatishi hata kidogo. Anasema kile kipande cha beseni amekitazama mara tatu, na kwamba hajui tena hii ni sinema ya aina gani, lakini alipofika nyumbani alimpigia simu nyanya yake.

Nzisa akaiweka simu mezani, uso juu, tukaendelea kuchambua ndengu.