Huku Juu Samaki Wapo

Mume na mke kutoka mji wa Graz walirudi kijijini kwetu Potomje alasiri, wamechoka na wana njaa, wakaegesha gari mbele ya lango langu kwa sababu walinusa pweza jikoni. Asubuhi walikuwa wameonja divai kwa shemeji yangu Baldo, ninayetumia naye ua mmoja, wakamwuliza ni wapi watapata samaki wabichi.

"Alituambia huku juu ni divai tu," mwanamke alisema. "Samaki tuteremke pwani, Mali Ston."

"Mkateremka?"

"Kulikuwa na foleni mpaka barabarani. Tukageuza."

Niliwapa viti, ya Baldo nikayaacha, maana mgeni hahusiki na ugomvi wa nyumba. Lakini sasa nilielewa kwa nini meza zangu zilikuwa tupu tangu Pasaka.

Baba mkwe alipofariki alimwachia Baldo ghala la divai, na mume wangu Mato akapata banda la punda na nusu ya ua. Mato ni fundi mitambo melini, nyumbani anaonekana kwa nadra kama mvua ya Julai. Banda nililigeuza jiko. Kila alfajiri nateremka pwani kuchukua chaza na kome, narudi kabla watoto hawajamaliza kugombania bafu. Msimu kama ungeisha hivi, ningelazimika kufunga na kutafuta kazi hotelini Dubrovnik, na watoto wangu wawili wangelelewa na simu. Hilo sikuwa tayari kulikubali.

Nilimkuta Baldo anaosha mapipa.

"Shemeji, tangu lini huku juu hakuna samaki?"

Hakugeuka. "Moshi wako unaingia kwenye glasi zangu, Vinka. Mtu ananusa divai yangu ya Dingač, anakutana na pweza."

"Ndiyo uwatume watu mpaka Mali Ston?"

"Si uache hayo mambo ya samaki? Kata jibini, kata paja la nguruwe, weka sahani mezani, basi. Mtu mwenye stashahada ya uhasibu unanuka kome."

"Nanuka kazi. Wewe unanuka marashi ya kinyozi."

"Na lile jagi lako." Hapo aligeuka. "Unawatilia watu maji kwenye divai. Jina la baba liko kwenye ile chupa."

Hapo ndipo palipokuwa panamuuma. Sisi wa rasi hii tunakula samaki kwa divai nyekundu, na divai yenyewe tunaitia maji. Tunaiita bevanda. Dingač ni nzito. Ukiinywa tupu mchana wa jua, watakuokota chini ya mizabibu. Kila nyumba inafanya hivyo. Ila Baldo, tangu aanze kwenda kwenye maonyesho ya divai, alikuwa ameamua kwamba hatujawahi.

"Jumamosi nina wanunuzi kutoka Vienna," alisema. "Nakuomba kwa heshima, usiwashe moto."

"Sitawasha."

Na sikuwasha. Chaza hahitaji moto, huliwa mbichi.

Jumamosi adhuhuri niliingia ghalani na sinia la chaza waliofunguliwa, limau na jagi la maji. Wanunuzi walikuwa wamezunguka pipa, wanazungusha glasi na kutia pua ndani. Kwenye kona mama mkwe Kata alikuwa anabandika lebo kwenye chupa. Mama huyo alikuwa hanisemeshi tangu nilipomtoa punda wake bandani.

Bwana mmoja mrefu alikuwa anauliza kuhusu chakula cha mchana. Walikuwa na hamu ya vitu vya baharini.

"Mali Ston," Baldo alianza. "Mkifuata hii barabara..."

"Mlango wa pili," nikasema, nikaweka sinia juu ya pipa. "Hawa wametoka majini leo asubuhi."

"Na huyu ni nani?" aliuliza mama mmoja wa Vienna.

"Shemeji yangu," Baldo alijibu, kama anayetaja ugonjwa.

"Kamulieni limau kidogo," nikawaambia. "Divai ni hiyo hiyo mnayokunywa. Na maji haya, mtie mtakavyo."

"Maji?"

"Anatania," Baldo alisema. "Hakuna mtu hapa anayeiharibu Dingač kwa maji."

Kata aliweka chini brashi ya gundi. "Baldo. Jana mchana ulikunywa nini?"

"Mama, tuna wageni."

"Nawaona. Nakuuliza ulikunywa nini. Nilikumiminia mwenyewe, nusu kwa nusu, ukaniomba tena."

"Mama."

"Mama, mama. Mama ana njaa." Akaja pale penye pipa, akatia maji kwenye glasi yenye divai, akanywa, akameza chaza, akachukua mwingine.

Yule mrefu alicheka. Mwenzake alifunika glasi yake kwa kiganja nisije nikaikaribia. Mama wa Vienna alionja bevanda, akakunja uso, akasema hiyo hapana, lakini chaza aongezwe. Nilipotoka walinifuata wanne. Waliobaki waliendelea kuonja na Baldo, na nasikia walinunua.

Jioni Baldo alikuja langoni kwangu. "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Na wewe ulikuwa unanifukuzia wateja nyuma yangu. Mimi angalau nimekuja mbele."

"Nitajenga ukuta."

"Jenga. Usivuke mpaka."

Alijenga kweli. Katika juma moja ukuta wa mawe ulikuwa umegawa ua mpaka karibu na barabara, mrefu kunizidi, ili anayeingia kwake asione meza zangu. Ncha yake ilitazama barabara kutoka ndani ya lango langu, na sehemu hiyo ilikuwa ndani ya nusu ya Mato kwa upana wa mkono. Nilipima, nikamwonyesha mwashi, mwashi akaanza kukusanya vifaa vyake. Nikaenda kununua rangi ya buluu.

Kwenye ncha hiyo iliyoingia kwetu niliandika kwa herufi kubwa: SAMAKI WABICHI HAPA. CHAZA. PWEZA. BEVANDA.

Baldo alitoka akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. "Futa hilo la mwisho."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Njoo ulifute wewe. Lakini kulifikia utapita langoni kwangu, na anayepita langoni kwangu hukaa akala."

Hakuja. Nyuma yangu, kwenye kiti alichojivutia mwenyewe, Kata alikuwa anakula kome kwa vidole.

"Hiyo B imelala," alisema. "Inyooshe, watu waisome kutoka mbali."

Nilichovya brashi, nikainyoosha.