Harufu ya Pilipili za Rangwe

Jerusha alikuwa amewang'olea watu mahindi. Si kwa mkono, kwa ulimi: yeye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Rangwe, alizunguka nyumba arobaini akiwashawishi wapande pilipili kali, kwa kuwa Mjerumani mmoja alitaka kuzinunua zote kila msimu. Wakamsikiliza. Sasa ghala zilikuwa tupu, na pilipili, hata uzipende vipi, hazisongi ugali.

Kwa hiyo siku mgeni huyo alipokuja kukagua mzigo kabla ya kutia sahihi, Jerusha hakuwa amelala wala kula. Masharti aliyajua yote. Lile la kutoanika pilipili chini lilimtoa jasho, maana kikundi hakikuwa na meza za kuanikia. Mwishowe alienda Homa Bay kwa wifi yake Scovia, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaazima nyavu kuukuu ambazo Scovia alikuwa akianikia samaki hao. Akazifua mara tatu kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Mtu asije akasema mama huyu alifanya mzaha.

Katika stoo ya kikundi, mgeni alifungua gunia, akachota, akanusa. Akanusa tena. Kisha akamgeukia Nicodemus, afisa wa kilimo aliyekuwa akimtafsiria.

"Anauliza samaki iko wapi," Nicodemus alisema.

Jerusha alitumbukiza pua guniani mpaka akapiga chafya, na hakusikia ila pilipili. Nicodemus naye alinusa, akatikisa kichwa. Pua zilizolelewa na omena tangu utotoni zitaisikiaje omena?

Mgeni hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha. Alieleza polepole kwamba kwao wapo watu ambao chembe tu ya samaki inaweza kuwaua, na mzigo wa namna hiyo ukikamatwa bandarini huteketezwa. Jerusha alimng'ang'ania Nicodemus mkono, amwombee: watatafuta nyavu mpya, watavuna tena, wapewe mwezi mmoja tu. Mgeni akajibu kwamba mwezi hana, na kwamba wapo wakulima wa nchi nyingine wanaomngoja. Akafunga mkoba wake, akatoka, Nicodemus nyuma yake.

Stoo ilibaki na Jerusha na mkaza mwanawe, Nyatichi, aliyeolewa mwaka uliopita kutoka milima ya Kisii, mbali na ziwa. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, mimi niliisikia," alisema. "Tangu siku ya kwanza tulipoanika."

"Na ukanyamaza?"

"Nilifikiri ndiyo harufu ya hapa kwenu. Ningeanzaje kuwaambia?"

Jerusha aliitafuta hasira akaikosa. Ni yeye aliyekuwa akimsifu Nyatichi kila mahali kwamba ana adabu, halalamikii kitu.

Nje, gari lilipowashwa, akina mama walianza wimbo wa kumuaga mnunuzi wao. Jerusha akaketi juu ya gunia akalia, kwa sababu hakujua atatoka awanyamazishe vipi.