Mbuzi wa Matanga Harudi

Niliona kifo cha Dieudonnée nikiwa napima mawese, na kifo chenyewe kilikuwa cha uongo.

Televisheni yangu imening'inia juu ya mapipa ya mafuta, katikati ya soko la Kasongo, inatumia umeme wa jua. Saa ya komunike, wanawake wote wa safu yetu huacha biashara zao wakaja kujazana kwangu. Komunike ni matangazo ya watu: nani amefiwa, nani amepotelewa na mbuzi, nani anatafutwa na ndugu zake tangu aende kuchimba dhahabu. Dieudonnée ndiye aliyekuwa akiyasoma, kwa Kiswahili, kwa Kibangubangu, kwa Kizimba. Akimaliza ya vifo aliinua macho na kuuliza, "Wenye kubaki, muko?" Na sisi, watu wazima na akili zetu, tulikuwa tunakijibu kioo: "Tuko!"

Anayetaka kucheka acheke. Mume wangu alipofariki, kaburini kwenyewe walilikosea jina la kijiji chake, kana kwamba tunazika mgeni. Jioni Dieudonnée akalitaja sawasawa, na mimi akanitaja kwa jina langu. Wala hakunifunga kwenye fungu la "na ndugu wengine". Hapo ndipo nilipoona kwamba mume wangu amezikwa. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba yule ni msichana wa televisheni tu.

Ajali ilimpata akirudi kutoka Kabambare, alikozaliwa, ambako alikwenda kupiga picha za mavuno ya mpunga. Daraja la magogo lilikatika. Dereva wa pikipiki aliruka akaangukia majanini; Dieudonnée akashuka nayo mpaka kwenye mawe. Mguu ulivunjika, taya likavunjika, na meno ya mbele yakabaki kulekule mtoni. Kasongo ilimwombea, msikitini na kanisani. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali tulimpelekea uji, kila mmoja na sufuria yake, mpaka mbwa wa jirani wakanenepa. Tukifika tulikuwa tunamtazama ule mdomo uliokwenda upande, halafu tunaanza kulia.

Basi Bwana Lwamba, mkurugenzi wa televisheni, akaja sokoni na kamera. "Semeni neno la pole kwa dada yenu," akatuambia kwa sauti ya asali. Tukasema, na machozi hatukuyabania.

Jioni yake tukaona alichoyafanyia machozi yetu. Kwanza ilitokea picha ya Dieudonnée, imesimama tu, na chini yake wimbo wa kanisani wa taratibu. Halafu sisi, mmoja baada ya mwingine, tunalia. Halafu msichana mpya, Sonia, ameketi kwenye kiti cha Dieudonnée na karatasi za komunike mkononi. Jamani, hapa kwetu picha iliyosimama na wimbo wa taratibu haina maana mbili. Ndivyo wafu wanavyotangazwa.

Asubuhi nilimfuata Lwamba ofisini, mikono yangu ikinuka mawese.

"Ni kwa heri tu, Mama Honorine," akasema. "Sura ile hairudi tena kwa kioo. Watoto wataogopa. Na ninyi wenyewe mulilia, watu wote waliona."

Nilitoka pale nikaubamiza mlango wake. Machozi yangu mwenyewe yamegeuzwa kuwa shahidi dhidi ya Dieudonnée!

Huku nyuma mtu mmoja alikuwa amekwisha kuirekodi ile picha kwa simu yake na kuituma. Ikafika Kabambare, kwa wale wanaopanda kilima kutafuta mtandao, na kutoka kilimani ikashuka mji mzima. Uongo hauna matope wala daraja.

Wenyeji wa Kabambare wao walikuwa na matope na daraja, na bado wakaja. Msururu wa pikipiki uliingia sokoni, watu wameloa tope mpaka masikioni, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni kwa ajili ya kilio. Mbele yao alikuwa Mzee Asani, kaka wa mama yake Dieudonnée, na nyuma ya kiti chake amefungwa mbuzi mwenye sura ya kuchoka kuliko abiria wote. Mzee alikuwa analia kwa sauti.

"Mutoto yetu mumemulaza wapi?" akaniuliza.

"Iko kwake, papa," nikamjibu. "Anakunywa uji."

Akasahau kulia, akaniomba nimpeleke.

Tulimkuta Dieudonnée mlangoni pake, mguu wa plasta juu ya kigoda. Wanawake wawili walipomwona walipiga kelele wakakimbia, wakidhani ni mzimu, ikabidi tuwafuate mpaka kwenye migomba. Mzee Asani alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akaupapasa mshono wa shavuni, akaanza kulia upya. Wote wakamfuata. Nami nikaingia kilioni, nisibaki nyuma.

"Munyamaze!" Taya halikufunguka sana, lakini sauti ilitoka. "Kila mutu anaingia hapa na kulia. Lwamba alikamata machozi yenu, akanizika nayo. Uji sitaki tena. Pole sitaki tena. Miye ninataka kiti yangu."

Niliona aibu. Alisema kweli: tulimpenda kama anavyopendwa marehemu.

Mama mmoja akasema basi, tumshukuru Mungu, turudi Kabambare kabla ya mvua. Mzee Asani akamgeukia mbuzi, akamtazama sana.

"Mbuzi ya matanga hairudi nyumbani," akasema. "Ikirudi, inarudi na kifo. Matanga ikiisha kuitwa inakaliwa kwanza, njo inaanuliwa. Na mbuzi inaliwa pale mutu alifia." Akanigeukia mimi. "Huyu alifia wapi?"

Sikufikiri hata kidogo. "Kwa televisheni, papa."

Nilimwona Dieudonnée akicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali, akijishika taya kwa maumivu.

Kabla jua halijapoa, uwanja wa televisheni ulikuwa umetandikwa mikeka. Mafiga yaliwekwa, moto ukawashwa, nyimbo za kilio zikapandishwa kwa Kibangubangu. Soko zima lilihamia pale. Lwamba akatoka mbio, tai begani.

"Ni nini hii? Nani amekufa?"

"Weye njo unajua," akasema Mzee Asani bila kuinuka mkekani. "Weye njo ulitangaza. Miye niko mujomba. Mujomba asipoona maiti, hakuna mutu anatoka kwa matanga. Nionyeshe maiti ya mutoto yetu."

"Hakuna maiti! Iko muzima! Kila mutu anajua iko muzima!"

"Aa. Iko muzima." Mzee akawageukia watu wote, wasikie vizuri. "Sasa kama iko muzima, juu ya nini mutu mwingine anakalia kiti yake?"

Lwamba akairudisha tai yake kifuani, akageuka kuingia ndani.

Hayo nilisimuliwa; mimi wakati huo nilikuwa njiani, nasukuma baiskeli. Dieudonnée alikuwa ameketi nyuma, magongo yake mapajani, mguu wa plasta umenyooshwa pembeni, kila aliyepishana nasi akiruka. Nilikuwa nimempa kitambaa changu cha kichwa ajifunike mdomo. Alikitupa kwenye tope. Kitambaa changu kizuri! Akapita katikati ya Kasongo na uso wake wazi, akisalimia kulia na kushoto, na watu walioanza kusema "pole" alikuwa akiwakata, "Pole ya nini? Njoo kwa televisheni."

Ndani tulimkuta Sonia ameshaketi mbele ya kamera, poda usoni. Alipomwona Dieudonnée alisimama mwenyewe.

"Yaya, dada yangu, mkurugenzi aliniambia umekataa kurudi," akasema. Akapangusa kiti kwa kiganja, akampisha, akamshikia magongo.

"Nitazima jenereta!" akapiga kelele Lwamba.

Akaenda kweli. Alimkuta mbuzi amefungwa kwenye jenereta, na wanawake wa Kabambare wameketi wameizunguka, vitenge vimetandazwa, wanamwombolezea mfu wao. Kumruka mfiwa ni laana, hata Lwamba analijua hilo. Akasimama pale, mikono mifukoni.

Taa ya kamera ikawaka. Sisi tukatoka, tukasongamana dirishani.

"Familia yetu ya Kabambare," Dieudonnée akasoma, na upepo ukipenya kwenye mapengo, "inawaambia ndugu na rafiki wote kwamba Dieudonnée, aliyetangazwa hapa kwa picha na wimbo, hajafa. Matanga yanaanuliwa leo, hapa uwanjani. Karibuni nyama."

Kisha akaendelea na komunike za kawaida, mtu mmoja aliyepoteza mtumbwi kule Nyangwe, halafu kifo cha mzee mmoja wa kijiji kilicho mbali kupita Kabambare. Jina la kijiji lilimshinda. Midomo haikukutana. Akarudia, likaharibika tena. Lwamba kule nje alikuwa akitikisa kichwa, mnaona, mnaona. Nikamkumbuka mume wangu, nikauma kidole nisilie. Dieudonnée akavuta pumzi, akalishika taya lake kwa mkono, mbele ya kamera, akalisukuma mahali pake, na akalitaja jina la kijiji lote, sawasawa, kama wenyewe wanavyolitaja. Mahali fulani mjane alikuwa anamsikia.

Akainua macho. "Wenye kubaki, muko?"

Sisi tulikuwa tunafuta macho haraka kwa vitenge, maana kulia alikuwa ametukataza.

Akapiga meza. "Nimeuliza! Muko?"

"Tuko!"

Mbuzi aliruka, jenereta ikayumba, isizime.

Mzee Asani akaingiza kichwa dirishani, ndevu zake zikaingia kwenye picha. "Na weye, mutoto yangu? Uko?"

"Niko," akasema Dieudonnée, na akachukua karatasi inayofuata.