Usitoke Mbele ya Kamera

Jamani, mimi si mtu wa kukosa adabu. Kaulizeni kijiji kizima cha Msanzi. Miaka kumi na moja nimeolewa hapa, na kila asubuhi baba mkwe wangu, Mzee Felisiani, anapopita kwetu, mimi Redempta nashuka chini, napiga magoti, napiga makofi taratibu kama tunavyofanya Wafipa, namwamkia mpaka amalize kuniuliza habari za watoto, za kuku na za ulezi. Hajawahi kunikuta nimebaki kwenye kiti.

Sasa mfumo wa mitihani wa chuo ungeyajulia wapi hayo?

Nafundisha shule ya msingi, na kwa miaka minne nimesoma digrii ya ualimu kwa mtandao. Ulibaki mtihani mmoja tu. Unaufanyia nyumbani, kamera inakutazama usoni saa mbili nzima. Nilikaa sebuleni kwenye dirisha, maana nyumbani kwetu mtandao unakamata hapo tu. Nimefika swali la tatu, hodi! Baba mkwe huyo, na mlango uko wazi. Wala sikufikiri, magoti yalishuka yenyewe. Nainuka, skrini imeandika kwa wekundu: MTAHINIWA AMEONDOKA. MTIHANI UMEFUNGWA.

Nimeondoka kwenda wapi? Si nilikuwa hapo hapo chini ya meza!

Nikapiga simu chuo. Dada mmoja akaniambia nijaze fomu ya sababu. Sababu zenyewe za kuchagua: ugonjwa, umeme, mtandao, msiba. Kuamkia hakuna. Nikamuuliza, "Dada, kwani nyie kwenu hamwamkii wakwe?" Akacheka. "Tunawaamkia, dada yangu, ila hapa sina pa kubonyeza." Nilitamani kuitupa simu chooni. Baada ya kuhangaika sana nikapewa nafasi ya mwisho, miezi mitatu mbele. Ukifungiwa tena, unarudia mwaka mzima.

Safari hii nikamwambia mume wangu, Modesti, wiki nzima: mwambie baba Jumamosi asipite. "Nitamwambia." Ijumaa nikamkumbusha. "Redempta, si nimesema nitamwambia? Mbona unanisumbua?" Haya. Jumamosi nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaanza.

Zimebaki dakika ishirini, kwa pembe ya jicho namwona amesimama dirishani, kofia mkononi, na kikapu cha mahindi mabichi.

"Hodi, mwanangu."

Mfumo ule ukigeuza macho unakuonya, ukifungua mdomo unakuonya. Nikakaza macho kwenye skrini.

"Hodi."

Mikono ikataka kukutana ipige makofi, nikairudisha kwenye kibodi.

"Mwanangu, unaumwa?"

Machozi yananitoka, na mimi naandika mbinu za kufundishia hesabu. Nilijichukia, nikakichukia na chuo. Alisimama kidogo, halafu nikasikia fimbo yake inaondoka. Kikapu alikiacha mlangoni.

Modesti anasema alisahau. Alisahau! Siku mbili sikumsemesha. Jioni ile alikwenda kumweleza baba yake yote, mtihani, kamera, macho. Mzee akajibu kwamba amesikia. Lakini asubuhi hakupita tena kwetu, akawa anazungukia njia ya kisimani.

Matokeo yametoka. Nimefaulu, na vizuri tu. Juzi nikachukua barua ya chuo na kilo mbili za sukari nikaenda kwake, nimshukuru kwa yale mahindi na nimwombe radhi. Nikamkuta kibarazani, ameketi kwenye kigoda chake. Nikapiga magoti, nikapiga makofi.

"Shikamoo, baba."

Amekaza macho mbele, wala hapepesi. Nikadhani hajanisikia, nikapiga makofi tena, nikapaza sauti.

"Shikamoo, baba."

Mama mkwe akatoka jikoni, akamwangalia mumewe, kisha akaniangalia mimi pale chini.

"Subiri, mwanangu," akasema. "Anasema yuko kwenye mtihani."