Boksi la Mshikamano

Saa kumi na nusu alfajiri, katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya Mirdif, Uarabuni, selotepu ilisikika ikibanduka polepole, kwa sauti ya mtu mwenye adabu asiyetaka kuamsha wengine. Fortunata, ambaye kitanda chake kilikuwa kati ya mashine ya kufulia na rafu ya sabuni, alidhani ni paka wa jirani. Akawasha taa. Boksi lililokuwa karibu na mlango lilikuwa linafunguka kutoka ndani. Ulitoka mkono, kisha sweta ya kijani ya shule, kisha binti yake Frida, ambaye kwa wakati huo alipaswa kuwa Machame, amelala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepita wapi?"

"Humu humu. Nimelalia makoti."

"Na kule umeingilia wapi?"

"Kwenye lile boksi ulilotutumia mwaka juzi, la mablanketi. Bibi anawekea mahindi."

"Mahindi mmeyatoa?"

"Tumeyatoa."

"Haya. Rudishia mfuniko, baridi ya huko isiingie humu, Madam ana kifua."

Boksi lilikuwa la Mawadda, binti wa nyumba hiyo, mwenye miaka kumi na mitano kama Frida. Shuleni kwake ilikuwa Wiki ya Raia wa Dunia, na kila mwanafunzi alitakiwa kujaza Boksi la Mshikamano kwa ajili ya shule iliyo mbali na yenye shida. Mawadda alichagua shule ya Frida kwa sababu aliwahi kumsikia Fortunata akiitaja kwenye simu, na huo ulikuwa wema, maana wenzake wengi walifumba macho wakagusa ramani kwa kidole. Aliyelijaza boksi ni Fortunata, kwa kuwa siku ya kujaza Mawadda alikuwa na somo la piano. Ndani mlikuwa na makoti manne ya kuchezea kwenye theluji, kifaa cha kukunja nywele, blenda isiyo na mfuniko, na vitabu sita vya kumfundisha mtu kuwa kiongozi.

Frida alikaa kitandani, akasema kilichomleta. Kipaimara chao kingekuwa Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Mchungaji alikuwa anaandika majina ya wazazi watakaosimama nyuma ya watoto wao.

"Nikikuuliza kwenye simu unasema inshallah. Bibi akasema nije nikuulize uso kwa uso."

Fortunata alikuwa anamtazama. Alimwacha akiwa na miaka kumi na mmoja, anamfikia kifuani. Aliinama akavuta kutoka chini ya kitanda viatu vyeupe, vipya, ndani ya karatasi yao. Alivinunua mwezi wa tatu, akichagua kwa kukadiria kwa kiganja, kama wanavyofanya akina mama wote wa huku. Frida alivivaa. Visigino vilibaki nje.

"Mama, hivi ni vya Frida wa kwenye picha."

"Mguu umeutoa wapi mkubwa hivyo?"

"Umeota tu. Hukuwepo kuukataza."

Walicheka wakiwa wameziba midomo. Kisha Fortunata akachukua kitana, akamsuka, na hakusema inshallah.

Mkataba wake ulisema likizo kila baada ya miaka miwili. Sasa ilikuwa imetimia miaka minne na miezi miwili. Pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya meza ya kujipambia ya Madam, mama yake Mawadda, pamoja na vidani vya dhahabu, na Madam alikuwa amemweleza kwamba kuwekwa pamoja na dhahabu ni heshima. Aliomba ruhusa mara tatu. Mara ya kwanza dada yake Madam alikuwa anaolewa. Mara ya pili msichana mwingine wa kazi alikuwa ameacha kazi. Mara ya tatu Madam alisema inshallah, kwa upole mkubwa, hata Fortunata akajikuta anamshukuru.

Mawadda aliingia jikoni saa kumi na mbili na nusu akamkuta Frida anakunywa chai.

"Wewe ni Frida," alisema kwa Kiingereza, na Frida akakubali kwa Kiingereza cha shule. "Umekuja na ndege gani?"

"Sikuja na ndege. Nimekuja na boksi lako."

Mawadda aliweka kikombe mezani. "Basi hewa ya ukaa uliyoitoa njiani ni sifuri."

"Njiani nilipiga chafya mara moja."

Mawadda aliiandika chafya hiyo kwenye simu, kwa uaminifu. Halafu akamenya yai lake mwenyewe akampa mgeni, na hili lisisahauliwe, kwa sababu lilikuwa yai la mwisho. Alipanda ngazi mbio kumwomba mama yake ruhusa ya kwenda na Frida shuleni. Ruhusa ilitoka kabla hajamaliza sentensi.

Dereva, Shomari, mtu wa Tanga, alikuwa nje na gari la viti saba ambalo injini yake ilikuwa imewashwa nusu saa nzima ili Mawadda akute viti vya baridi. Fortunata alitoka nao hadi getini.

"Ndiye huyu?" Shomari aliuliza. "Katoka kwenye boksi?"

"Ndiye."

"Bila viza? Dada Fortu, mimi nilikalishwa uwanja wa ndege saa sita nzima kwa sababu ya ndevu kwenye picha. Mwenzangu anakuja na mahindi." Akamfungulia Frida mlango wa nyuma kama anavyomfungulia Madam. "Karibu, bosi. Funga mkanda. Boksini hakuna polisi, huku wapo."

Kwenye geti la shule alisimama mlinzi Mkenya, Clifford, aliyekuwa na fomu ya wageni. Kulikuwa na sehemu ya kujaza aina ya usafiri: gari, basi au miguu.

"Boksi sina hapa, siz," alisema. "Nikuwekee basi?"

"Weka miguu. Kutoka nyumbani hadi kwenye boksi nilitembea."

"Fiti. Miguu." Akampa kitambulisho cha mgeni, na kwa kuwa alimwona anatetemeka kwa kiyoyozi cha kibanda chake, akampa pia koti lake la kazi.

Ukumbini palikuwa na bango refu la plastiki lililoandikwa Uraia, Mshikamano, Uendelevu, na mwaka. Bango hilo lilitengenezwa jipya kila mwaka, kwa sababu mwaka hubadilika. Kila mwanafunzi alikuwa na chupa ndogo ya maji yenye jina lake. Mwalimu wa mradi, Kenneth, alimpa Frida mkono kwa mikono yake miwili. Aliuliza swali moja tu juu ya boksi, kama lina vibandiko vya usalama, akaambiwa linavyo.

"Frida," alisema, "tuambie changamoto moja ya kweli kutoka kwenye jamii yako. Usione haya. Hapa tunasikiliza."

Walisikiliza kweli. Hakuna aliyegusa simu.

"Mama yangu anafanya kazi hapa," Frida alisema. "Hajapewa likizo miaka minne. Nina kipaimara mwezi ujao na nataka asimame nyuma yangu."

Msichana mmoja alifuta machozi. Mawadda alitazama meza. Kisha mvulana aitwaye Luay, mwenye mwandiko mzuri, aliandika "Likizo ya mama yake Frida" kwenye karatasi ya njano, akaibandika ukutani chini ya neno Changamoto, kati ya kasa wanaomeza plastiki na barafu inayoyeyuka. Karatasi ilidondoka. Akaibandika tena kwa kuikaza.

Wakaingia makundi ya watu watano watano kutafuta suluhisho. Kundi la kwanza lilipendekeza wimbo. Kundi la pili lilipendekeza ukurasa wa mtandaoni. Kundi la Mawadda lilipiga hesabu ya moshi ambao ndege moja ingeutoa kumpeleka mfanyakazi mmoja nyumbani na kumrudisha, ikaonekana ni mwingi, unatisha. Kisha likapiga hesabu ya boksi. Ilikuwa chafya moja.

"Kwa hiyo," Luay alisema, akisoma kwa niaba ya kundi, "badala ya wazazi kusafiri, watoto waje."

Darasa lilipiga makofi. Frida alinyoosha mkono.

"Kipaimara hakiwezi kuja," alisema. "Kanisa haliingii kwenye boksi."

Mwalimu Kenneth alisema hiyo ni hoja nzuri sana, na akaomba iandikwe. Iliandikwa kwenye karatasi ya bluu.

Jioni Madam alikuwa anawasubiri sebuleni. Alikuwa ametandika meza mwenyewe. Alimmiminia Frida chai ya zafarani kwa mkono wake, akamwekea tende, akamfunga shingoni skafu ya hariri ambayo bado ilikuwa na karatasi ya bei. Mawadda alimsomea mama yake kazi ya siku nzima, na alipofika kwenye habari ya mfanyakazi aliyekaa miaka minne bila kuona mtoto wake, Madam alishika kifua.

"Masikini," alisema. "Ni nani huyo?"

"Ni Fortunata," Mawadda alisema.

Fortunata alikuwa amesimama pale pale, ameshika sinia.

Frida aliteremsha kikombe. Alisimama, kwa sababu kwao mtu haombi jambo kubwa akiwa amekaa. "Madam, naomba umpe mama ruhusa. Siku kumi tu. Nitamrudisha mwenyewe."

"Lakini mpenzi wangu," Madam alisema, akimshika mashavu, "si umeshakuja? Si mmeonana? Khalas, shida imekwisha. Na hewa hatukuichafua."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Alikuwa amefurahi kwelikweli kwamba shida imekwisha.

Basi wakaenda wote chumba cha kufulia, maana Frida alitakiwa kurudi kabla ya giza kwa ajili ya ng'ombe. Fortunata aliweka sinia juu ya mashine. Hakuaga mtu. Alivua kandambili, akaingiza mguu mmoja ndani ya boksi, kisha wa pili, akasimama juu ya makoti akingoja. Chini ya makoti palikuwa na karatasi ngumu, na chini ya karatasi palikuwa na vigae vya sakafu. Alirukaruka kidogo. Vigae vilibaki vigae.

Frida aliingiza mkono pembeni ya miguu ya mama yake. Ulizama hadi begani, akautoa ukiwa umelowa umande.

"Kwangu pako wazi," alisema.

Mawadda alipiga magoti akasoma maelezo ya shule yaliyobandikwa ubavuni. "Tafadhali weka humu vile tu ambavyo nyumba yako haivihitaji tena." Akanyanyua kichwa. "Mama, ndiyo sababu. Tunamhitaji."

Madam aliguswa. "Unaona, Fortunata? Unaona tunavyokuhitaji?"

"Naona, Madam," Fortunata alisema, akiwa ndani ya boksi.

"Mama, sema hatumhitaji," Mawadda alisema. "Siku kumi tu. Sema." Alikuwa bado chini, na hilo nalo lisisahauliwe, kwa kuwa katika watu wote wa siku ile ni yeye pekee aliyepiga magoti.

Madam alijaribu kwa moyo mweupe. Alifumba macho, akavuta pumzi, akasema kwamba nyumba haimhitaji Fortunata. Chini ya makoti palianza kulainika, na Fortunata alisikia majani yaliyolowa yakimgusa nyayo. Aliona, kwa nyayo, njia ya nyuma ya nyumba yao, jiwe la kufulia, mteremko.

Kisha Madam akafumbua macho. "Lakini Jumamosi wanakuja watu ishirini," alisema. "Nani atapika?"

Vigae vikarudi.

Fortunata alitoka ndani ya boksi, akavaa kandambili zake. Frida aliingia. Alikuwa na viatu vyeupe mkononi, kwa sababu fundi wa kule angeweza kuvikata nyuma.

"Nimwambie mchungaji aandike nani?"

"Aandike mimi."

"Na hutakuwepo."

"Aandike mimi, Frida. Asiandike mwingine."

Frida alimtazama mama yake kama mtu anayechukua vipimo. Halafu akajikunja juu ya makoti, akashuka. Kampuni ya mizigo ilipokuja kesho yake, wapakizi walisema boksi ni jepesi kuliko uzito ulioandikwa juu yake.

Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, kipaimara kilifanyika. Fortunata alikiona kwenye simu aliyoisimamisha kwenye kopo la chumvi, mikono yake ikiwa kwenye unga. Frida alivaa gauni jeupe, skafu ya hariri na viatu vyeupe vilivyokatwa nyuma. Nyuma ya kila mtoto palikuwa na mtu. Mchungaji alisoma majina ya wazazi, na kila mmoja akaitika. Aliposoma la Fortunata, bibi yake Frida, aliyesimama mahali pake, aliinua kichwa akasema, "Yuko kazini." Mchungaji akaweka alama ya aliyehudhuria, akaendelea.

Siku hiyo hiyo nyumbani Mirdif palikuwa na wageni arobaini. Kundi la Mawadda lilikuwa limepata tuzo ya shule kwa njia bora ya kuunganisha familia bila kuharibu mazingira, na sebuleni watu walikula sambusa, wakamsifu. Mawadda hakukaa sana nao. Alikuja jikoni, akasimama kando ya Fortunata, wakatazama simu pamoja mpaka picha ilipokatika. Aliosha mikono akaanza kukunja sambusa, vibaya, moja baada ya nyingine.

Baadaye aliingia Madam mwenyewe, amevaa vizuri, uso umechangamka. Alichukua kitambaa akakausha sahani mbili kwa mikono yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika nyumba ile.

"Fortunata," alisema, "siku ile alipokuja mtoto wako, nyumba hii ilikuwa na furaha ya ajabu. Mwambie asikae kimya. Mwambie aje tena, hata mwezi wa nne, hata akae wiki nzima. Mlango wetu uko wazi. Mwambie Madam anasema, njoo tena."