Mtanizaa Lini?

Njau wa Mugo alikuwa na fulana moja tu iliyomtosha, na hiyo hakuivaa. Alivaa za saizi ya mtoto wa darasa la sita, ili watu wa Mwiki waione mikono. Ndiyo mikono iliyomletea kikombe cha mashindano ya kutunisha misuli, na kikombe kikapelekwa Thika kwa baba yake, kikakaa juu ya kabati karibu na picha ya harusi.

Mtu akimuuliza habari za sindano za kukuza misuli, Njau hakuona haya. Alikuwa profesa wa mambo hayo, hebu msikilize! Wanyanyua vyuma wa Urusi walianza zamani, babu yake akiwa kijana. Wamarekani wakawaiga. Wasichana waogeleaji wa Ujerumani Mashariki wakapewa vidonge vya buluu, wakaambiwa ni vitamini, wakarudi na dhahabu. "Sasa mimi ni nani nibishane na historia?" alisema, huku akijidunga paja nyuma ya mlango wa jim.

Lakini nyumbani mtoto hakuja. Na kwao mvulana wa kwanza hupewa jina la babu, mzee akahesabika kuwa amezaliwa tena. Mzee Mugo alikuwa akingoja. Kila wakienda kumwona aliuliza, "Mtanizaa lini?" Siku hizi aliuliza akimkazia macho Ngendo, mke wa Njau, na mara ya mwisho alitaja msichana fulani mzuri kwa jirani.

Ngendo alipimwa, akapimwa tena. Njau alimsindikiza, akamshikia mkoba, akamwonea huruma. Huruma, jamani! Bwege mzima amekaa kwenye benchi la kliniki, anakunja mkono ili nesi auone.

Mwishowe daktari, mama mmoja aitwaye Jentrix, akasema naye apimwe. Njau akacheka. Majibu aliyaendea peke yake: hakuna mbegu hata moja.

"Unajidunga nini?" daktari akauliza.

Njau akaanza: Warusi, Wamarekani, vidonge vya buluu...

"Na hao wasichana, ulisoma yaliyowapata baadaye?"

Hakuwa amesoma. Profesa alikuwa ameishia kwenye medali. Daktari akamwambia aache sindano na angoje. Huenda mbegu zikarudi, huenda zisirudi. Njau hakumwambia Ngendo kitu.

Jumapili wakaenda Thika. Mzee akamiminiwa chai, akamgeukia Ngendo. "Haya. Mtanizaa lini?"

Njau angeweza kunyamaza. Tusidanganyane, alifikiria kunyamaza, akafikiria sana hata andazi alilochovya likakatikia kwenye chai.

"Baba, shida si Ngendo. Ni mimi. Ni dawa za hii misuli."

Mzee akamkagua mkono mmoja, akahamia wa pili, kama mtu anayenunua ng'ombe. "Haiya! Kwa hivyo hii nyama yote ni bure tu?"

"Ni bure, Baba."

Mzee akakitazama kikombe juu ya kabati. "Na mimi kanisani nimewaambia watu shida ni Ngendo," akasema polepole.

Ngendo akaweka chai yake mezani. "Nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe," akasema, "na sikujua nimekosa nini."

Njau akatafuta mahali pa kuficha mikono yake. Alivuta fulana, akavuta tena, lakini ilikuwa ile ya darasa la sita.