Mkono Mgeni Kwenye Kiatu cha Mkunga

Tangu aoe, fundi viatu hakuwahi kumwonea mtu wivu, mpaka siku alipotia mkono ndani ya kiatu cha mkewe akagusa kazi ya mwanamume mwingine.

Kilikuwa kipande cha mpira kilichokatwa kama kabari na kubandikwa pale kisigino kinapokaa. Kingo zake zilipanda na kushuka kama meno ya msumeno, na gundi imechuruzika ovyo. Na viatu vyenyewe alivishona yeye, tundu kwa tundu!

"Nani amekuwekea hiki?"

"Tabibu wa viungo," mkewe akajibu, akijisugua nyuma ya kifundo. Alikuwa mkunga, mtu wa kusimama wodini kutwa, na mwezi wa pili sasa ule mshipa mnene unaoshika kisigino ulikuwa umemvimba. Asubuhi akishuka kitandani, alichechemea kama kuku aliyefungwa kamba. "Kinainua kisigino, mshipa upumzike. Halafu nasimama sakafuni, nainuka kwa vidole, nashuka polepole. Mara kumi na tano, kisha narudia. Yeye ananihesabia."

"Anakuhesabia?"

"Na ananishika kifundo nisiyumbe."

Mdogo wake mkunga, aliyekuwa akikunja nguo, akadakia: "Tena shemeji, huyo tabibu ana mikono laini! Si kama yako ya gundi."

"Nyamaza wewe."

"Wivu kidonda, shemeji. Ukishiriki utakonda, na wewe tayari mwembamba kama uzi wako."

Dada mtu na mdogo mtu wakacheka. Fundi hakucheka. Miguu ile aliipima kabla hajajua hata jina la mwenyewe. Ndiyo iliyomleta mke nyumbani. Leo mtu anaishika mara mbili kwa wiki, mchana kweupe, na anaitwa mtaalamu.

Kesho yake mkunga akiwa bafuni, fundi akachukua kisu, akabandua mpira kwenye viatu vyote viwili na kusugua ndani mpaka alama ikapotea. Akiulizwa, atasema gundi ya tabibu haishiki.

Hakuulizwa. Jioni mkunga alirudi akimwegemea mdogo wake, mshipa umeumuka na kuwaka moto.

"Nilihisi njiani kimetoka," akasema, akijitupa kitini. "Nikajiambia, fundi wangu ameona aibu kwa ile kazi mbovu, ananikatia kizuri. Basi nikavumilia. Kiko wapi?"

Fundi akauacha uongo aliouandaa, akanyoosha mkono kuchukua kisu.

"Bado," akasema. "Nakikata sasa hivi."

Akakata ngozi nene, akaipunguza unene mbele mpaka ikawa nyembamba kama ukucha. Safari iliyofuata ya kwenda kwa tabibu akamsindikiza mkewe, kifua mbele, akamwone huyo mwenye mikono laini. Tabibu hakumtazama yeye, alikitazama kiatu. Akaigusa ile kabari ya ngozi, akaguna kwa kuridhika. Kisha akabonyeza ukuta wa nyuma wa kiatu, unaokumbatia kisigino.

"Huu nao nani kaushona?"

"Mimi."

"Kazi safi. Ila ni mgumu kama ubao. Ndio unaomsugua mshipa kila akipiga hatua."

Fundi akatazama chini. Ukuta ule ndio aliokuwa akijisifia kwa kila mteja: hauvunjiki, haulegei, utazikwa nao. Kumbe miezi yote miwili, aliyekuwa akimuumiza mkewe ni yeye.

Siku hiyo hiyo akaufumua, akaweka ngozi laini ya kondoo. Kisha akapiga magoti sakafuni, akakishika kifundo cha mkewe.

"Haya, inuka. Shuka. Moja. Mbili. Tatu..."

"Tabibu huhesabu polepole zaidi," mkunga akasema, akizuia kicheko.

Mkono wa fundi ukakaza kidogo pale kifundoni.

"Tabibu ana wagonjwa wengi. Mimi ninaye mmoja," akasema, na akaanza upya, moja, polepole kuliko tabibu yeyote.